Tawi la Mkoko Sebuleni

Wiki zile za kabla ya harusi ya binti yangu sikuweza kukaa. Nikikaa, mguu unatikisika wenyewe. Nikisimama, mikono inatafuta kitu cha kupangusa. Nilifagia uwanja asubuhi, nikaufagia tena kabla ya adhana ya adhuhuri, na vumbi la Kibiti halina shukrani, linarudi kabla hujauegemeza ufagio ukutani. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo hata watoto wangu wa darasa la kwanza, ambao wangeninyoosha akili, hawakuwapo.

Dada yangu mkubwa, aliyekuja kutoka Ikwiriri kusimamia shughuli, alinivumilia siku chache tu.

"Mdogo wangu, ondoka," akaniambia, ungo wa mchele mapajani. "Tafuta pa kwenda. Unatutia kizunguzungu. Anayeolewa mtoto, anayetetemeka wewe."

"Niende wapi?"

"Popote. Hata hospitali, wakupime."

Kutoka chumbani nikasikia binti yangu anacheka. Alikuwa amekwisha kuwekwa ndani kama mwali anavyowekwa, anasuguliwa liwa na manjano, hatoki nje wala wageni hawamwoni. Kilichotoka ni sauti yake tu, na kila nilipoipenyezea swali kupitia pazia, ilinijibu hivyo hivyo: sawa, mama. Umekula? Sawa, mama. Kanga zile zinatosha? Sawa, mama.

Nieleze kilichokuwa kinanisumbua. Binti yangu, na sina mwingine, alikuwa anaolewa Kiongoroni. Kwa asiyeijua delta: barabara inaishia Nyamisati. Kutoka hapo ni boti, mikoko kushoto na kulia, na maji kujaa na kupwa ndiko kunakoamua utafika saa ngapi. Mchumba wake hununua kaa kwa wavuvi wa kule na kuwaleta huku kwa ajili ya kupelekwa Dar. Ni kijana mzuri, sina neno naye. Neno lilikuwa kwa mama yake. Wakati wa posa hakuja, alituma wazee, lakini kauli yake ilinifikia kama kauli zinavyofika, kwa mdomo wa tatu: kwamba wasichana wa barabarani hawakiwezi kisiwa.

Nililala na kauli hiyo, nikaamka nayo. Kule mwanangu asingekuwa na mama mwingine ila huyo. Simu yenyewe inashika kwa kubahatisha. Akipokewa kwa uso mkavu, mimi nitajua lini?

Na mama huyo alikuwa anakuja kwangu, kwa mara ya kwanza, siku ya kuleta sanduku. Sanduku ni nguo, manukato na vitu vya bibi harusi, vinavyoletwa na wanawake wa upande wa mume kabla ya ndoa. Nilitaka jambo moja tu: aingie, akae, atoke akiwa tayari kumpokea mwanangu kwa mikono miwili. Mengine yote ya harusi ile, pilau, maturubai, sare, yangekwenda yanavyokwenda.

Sasa, hapa mjini kuna mwanamke wa Kijapani anayefundisha hesabu katika shule moja ya sekondari. Rafiki yangu muuguzi aliniambia kwamba Jumamosi jioni mwalimu huyo huwafundisha watu kupanga maua kwa jadi ya kwao, na darasa liko wazi kwa yeyote.

"Maua?" dada yangu akauliza. "Maua yanapangwa kwani yamekosa nini?"

"Si umesema niende popote?"

"Nilisema. Sikujua na huko kupo."

Tulikuwa wachache, madawati yamesogezwa pembeni, mbele ya kila mmoja wetu bakuli pana lisilo na kina. Mwalimu alikuwa mdogo wa umbo, amejifunga kanga kiunoni kama sisi, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kitanda kilichotandikwa. "Leo tutaanza kwa kuangalia," akasema. Akachukua tawi moja, akaligeuza taratibu kwenye mwanga wa dirisha, akitafuta upande ambao jua lilikuwa likiupenda. Kila tawi lina uso na lina mgongo, alisema. Ukiupata uso, nusu ya kazi imekwisha.

Mimi nikaangalia tawi, nikaangalia mlango, nikaangalia saa.

Kazi hiyo huitwa ikebana, na nitaieleza kama nilivyoielewa, kwa sababu si ngumu na yeyote anaweza kuianza. Ndani ya bakuli unaweka kipande cha chuma kizito chenye misumari mingi iliyosimama, mfano wa chanio lililolazwa chali. Wao hukiita kenzan. Shina unalichomeka juu ya misumari hiyo nalo linasimama bila kushikwa. Kama huna, kata kipande cha mgomba ukilaze ndani ya maji, kinashika vizuri tu, mwalimu mwenyewe alituambia. Kisha shina hulikati hewani. Unalizamisha kwenye beseni na kulikatia mle mle majini, maana likikatwa hewani linavuta hewa, na hewa inaziba njia ya maji. Jambo hilo lilinifurahisha. Nilianza pale pale kuwaza nitakavyowaeleza watoto wangu wa darasa la kwanza.

Halafu kuna mashina matatu ambayo ndiyo mifupa ya kazi: refu, la kati na fupi. Refu hupimwa kwa bakuli lenyewe, upana wake na kina chake na nusu tena. La kati na fupi hupimwa kwa hilo refu. Lile refu linasimama, la kati linainama upande mmoja, fupi linaelekea mbele kama mtu anayekukaribisha. Mengine yote ni ya kusindikiza.

Mimi nilisindikiza. Nilichomeka ufuta uliochanua, nikachomeka asumini, nikaongeza majani ya mpera, nikaona kuna tundu, nikaliziba, nikaona tundu jingine.

Rafiki yangu muuguzi akanyoosha shingo. "Mwalimu, hicho ni kichaka. Nyoka anaingia."

"Kimejaa vizuri," nikasema.

"Kimejaa. Tunatafuta namna ya kuliokoa lile ua la katikati."

Mwalimu akaja, akakiangalia kichaka changu kwa heshima, kama mtu anayeangalia mgonjwa. "Naomba nitoe moja?" Akatoa. Akasubiri. "Naomba nyingine?" Kila alichokitoa alikilaza mezani bila kukitupa, na kila mara aliniomba. Nilikubali kwa shingo upande. Alipomaliza, tawi la mpera lilibaki limesimama, jingine limeinama, na chini yake asumini kidogo. Kati yao palikuwa peupe.

"Hapa je?" nikamwonesha pale peupe. "Hapa niweke nini?"

"Hapa ni sehemu ya kazi. Umeshaweka."

"Hata jani?"

"Hata jani."

Wacha niseme ukweli wa macho yangu. Sisi tumezoea uzuri uliojaa. Kitanda cha bibi harusi humwagiwa asumini mpaka shuka haionekani. Kikuba hufungwa kikaze, mrehani na maua vibanane, ukikinusa upate kizunguzungu. Kwetu mtu akikupa kidogo, anakunyima. Sisemi macho ya mwalimu yule ni bora kuliko yetu. Nasema ni macho mengine, na ukiyaazima kwa jioni moja hupotezi kitu. Nilikaa nikipatazama pale peupe, na mguu wangu, sijui ni wakati gani, ukaacha kutikisika.

Uliporudi kutikisika, nilikuwa nimeshapata wazo. Siku ya sanduku nitaweka kazi ya namna ile sebuleni, juu ya meza, pale watakapokaa wageni wa Kiongoroni. Waone hii ni nyumba ya watu waliojiandaa. Jumamosi iliyofuata nikarudi darasani, nikafanya tena, safari hii mwalimu aliomba kutoa vichache. Akaniazima kenzan yake moja. Aliponifungia kwenye kitambaa aliniuliza ni ya shughuli gani, nikamwambia harusi, akafurahi mpaka akaziba mdomo kwa mkono.

Tawi sikulikata uwanjani kwangu. Mkwe wangu mtarajiwa alikuwa amepita na matenga ya kaa akielekea stendi. Kaa wa delta husafiri wamefunikwa matawi ya mkoko ili wasikauke. Nikamwomba tawi moja zuri. Akacheka, akachagua mwenyewe, lenye majani mazito yanayong'aa. Nilifikiri: hili ndilo. Mama yake akikaa kwangu, aone mti wa kwao. Ajue kwamba tunamheshimu yeye na kule anakotoka.

Siku yenyewe niliamka nikaianza kazi kabla ya chai. Beseni dogo jeupe, maji, vikokoto vyeupe vya kufunika chuma. Tawi refu la mkoko wima. Tawi dogo la pili limeinama. Chini, asumini nyeupe. Na kati yao sikuweka kitu, ingawa mikono ilinililia.

Binti yangu akachungulia penye pazia. "Mama, mbona limesimama peke yake?"

"Ndivyo linavyotakiwa."

"Linanitazama vibaya."

"Rudi ndani, wewe mwali. Leo ndiyo mara ya kwanza hukusema sawa mama."

Dada yangu alipita na sufuria, akatazama, akaguna, akaendelea na jiko lake.

Wageni walifika kwa vigelegele. Tuliwasikia tangu kwenye kona ya njia, wanaimba, wanapiga makofi, sanduku liko kichwani mwa shangazi mmoja mwenye shingo imara. Tukawapokea langoni kwa vigelegele vyetu, tukashindana kidogo kama ilivyo ada. Mbele alikuwa bibi yake bwana harusi, kikongwe mwenye hatua fupi za haraka, na nyuma yake mama mwenyewe, mrefu, kimya, uso haujasema lolote. Bibi akaingia sebuleni wa kwanza. Akasimama. Waliokuwa nyuma wakamgonga mgongoni, nao wakasimama. Vigelegele vikakatika kama redio iliyokatiwa umeme.

"Nani katutoka?" bibi akauliza.

"Shikamoo, bibi. Karibuni, kaeni."

"Marahaba. Nani katutoka katika nyumba hii?"

"Hakuna, bibi. Sote wazima."

Akanyoosha kidole kwenye meza. "Na lile kaburi?"

Ndipo nami nikaliona. Nadhani wasomaji wengi wa pwani wameshaliona kabla yangu. Maiti akishazikwa, upande wa kichwa huchomekwa tawi bichi na kumwagiwa maji. Nalijua hilo tangu utoto. Lakini sisi wanawake wa hapa mjini hatuendi kuzika, na makaburi yetu yako mbali na macho. Kule visiwani ardhi kavu ni chache. Makaburi yako jirani na nyumba, mwanamke anayapita akienda kuchota maji, anayapita akirudi. Na tawi linalochomekwa kule ni la mti uliopo. Ni la mkoko. Nilikuwa nimechukua tawi lile lile, nikalisimamisha vile vile, penye maji, penye vikokoto, penye maua meupe, nikawawekea wageni wa harusi.

Shangazi mwenye sanduku hakulishusha. "Mimi siliweki chini hapa," akasema kwa sauti ndogo, na aliyekuwa pembeni yake akaitikia kwa kichwa. Nilielewa maana yake. Sanduku lililoingia ndani na kutoka bila kutuliwa ni habari itakayofika Kiongoroni kabla ya bibi harusi, na itakaa kule kumsubiri.

Nikaanza kueleza. Ndiyo kazi yangu, kueleza. Nikawaeleza habari za Wajapani na mashina matatu. Nikawaeleza kwamba refu hupimwa kwa bakuli, kwamba shina hukatiwa ndani ya maji kwa sababu hewa huziba. Nikainua vikokoto nikawaonesha misumari. Kila nilivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kurefuka.

"Kwa hiyo waliokufa ni Wajapani?" bibi akauliza.

"Hapana, bibi. Hakuna aliyekufa."

"Nilisema mimi!" dada yangu akapaza sauti kutoka jikoni. "Nilisema, maua yamekosa nini!"

Mama yake bwana harusi alikuwa bado amesimama mlangoni. Alilitazama tawi, akanitazama mimi, akalitazama tawi.

Hapo sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Bibi, shikamoo. Mama yangu msameheni. Hilo tawi limetoka kwenye tenga la kaa la mjukuu wako, kamwulizeni. Mama alitaka mkikaa hapo mjione mko kwenu. Kajitaabisha wiki nzima. Hamumwoni alivyokonda?"

Sebule nzima ikageukia pazia. Mwali hasemi na wageni. Mwali hata kikohozi hukimeza.

"Nani huyo?" bibi akauliza.

"Mwali," nikajibu, nikitamani ardhi ifanye njia.

"Mwali anasema?"

"Nasema, bibi," pazia likajibu. "Na mkiniruhusu nitatoka nilitupe mwenyewe."

"Subutu!" bibi akasema. "Ukitoka nitakurudisha kwa bakora." Lakini mabega yake yalikuwa yameanza kutikisika, na kicheko kikamtoka mpaka akajishika kwenye kiti akakaa. "Jamani. Huyu anatugombeza kabla hatujala pilau."

Wengine wakacheka, kwa tahadhari, wakimtazama mama yake bwana harusi. Yeye hakucheka. Akanisogelea mpaka tukawa bega kwa bega mbele ya beseni lile.

"Kwetu hili hukaa kichwani mwa marehemu, mwenzangu."

"Nimeliona sasa hivi."

"Na umelitafuta kwa ajili yetu."

"Kwa ajili yako," nikasema. "Nilikuwa na hofu nawe."

Akaligeukia pazia. "Nipishe kwa mwali. Peke yangu."

Akaingia, pazia likaanguka nyuma yake. Ninyi mliowahi kungoja nje ya chumba cha hospitali mnaijua hali ile. Nililichomoa tawi nikalipeleka nyuma ya nyumba. Niliporudi bibi akanizuia nisiguse asumini. "Hayo yaache, yananukia." Nikayaacha. Nikapanga vikombe, nikavipanga upya. Shangazi alikuwa ameketi na sanduku mapajani, amelikumbatia kama mtoto wa watu. Kutoka ndani tulisikia minong'ono, kisha kimya kirefu, kisha minong'ono tena. Hakukuwa na kicheko. Mara moja nilisikia kama pua inavutwa, nikainuka. Dada yangu akanishika kanga nikakaa.

Mama yake bwana harusi alipotoka, macho yake yalikuwa na wekundu. "Tueni sanduku," akasema.

Vigelegele vilipasua bati. Dada yangu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akacheza nao. Katikati ya kelele zile mama yule akaja kukaa kando yangu, akainamisha kichwa kuelekea sikio langu.

"Anaogopa maji. Unajua?"

"Nani?"

"Mwanao. Anaogopa boti. Ananiambia usiku halali."

Sikuwa najua. Nilikuwa nimemwuliza habari za kanga, za mito, za vyombo, za chakula. Hilo sikumwuliza, na yeye hakunipa. Alimpa mwanamke aliyemwona kwa mara ya kwanza. Liliniuma, na papo hapo nikataka kumbusu mama yule mkono. Yote mawili yalinijia pamoja na sikuweza kuyatenganisha.

"Hata mimi sikuzaliwa kule," akaendelea. "Nimetoka vilimani, kwetu maji ni ya mtungini. Siku ya kwanza nililia kutoka Nyamisati mpaka tunashuka, na waliokuja kunichukua walikuwa wanaimba. Hakuna aliyenigeukia. Huyu nitakaa naye mimi. Waimbe wao." Akapokea kikombe cha chai, akakishika bila kunywa. "Sasa niambie. Akiwa na hofu anakuwaje? Nisije nikasubiri machozi."

Hakuna swali nililowahi kuulizwa ambalo nilitaka kulijibu kuliko hilo.

"Hatalia," nikamwambia. "Anakuwa mpole. Anakubali kila kitu. Ukimwuliza jambo akakwambia sawa, ukamwuliza la pili akakwambia sawa, la tatu sawa, acha unachofanya ukakae naye." Nilipolisema nikajisikia mwenyewe nikilisema, nikageuka kulitazama pazia.

"Na akiwa hana hofu?"

"Atakubishia."

Kisha kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumbani kwangu, uso wake ukafunguka.

"Huko ndani amenibishia mara mbili," akasema, akanywa chai yake.